Kombewa Kuna Maadmirali Wengi

Tangu nianze kujenga meli ya kivita sebuleni sina wageni tena, nina wakaguzi. Mtu anabisha hodi, hajajibiwa yuko ndani, hajauliza watoto wameamkaje, keshainama juu ya meza na kidole kimetangulia. "Mwalimu, hii itabeba watu wangapi?" Namweleza kwamba haibebi mtu. Ni mfano tu, sentimita moja hapa mezani ni mita moja kule ziwani. Anatikisa kichwa kwa heshima, kisha anatoa swali alilokuja nalo: "Na utauza ngapi?"

Nikisema siuzi, uso unabadilika. Huku kwetu Seme mtu mzima akijifungia ndani na msasa na brashi, ama kuna hela mbele, ama kuna ugonjwa. Mama watoto alishachagua la pili. Kaka yake, anayefanya kazi Kisumu, alikuja Jumapili moja akaitazama meli kwa muda mrefu, mikono mfukoni. "Shemeji," akasema, "kule bandarini wanajenga meli za chuma. Uhuru II imeundwa pale pale Kisumu, tunaiona kwa macho. Na wewe uko hapa na ya mkebe." Akala kuku wangu, akaomba nauli, akaondoka.

Meli yenyewe ni Winifred. Hakuna anayeuliza Winifred ni nani, na hilo ndilo linaloniuma. Ile Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika kila mtu anaijua. Ililetwa Kigoma ndani ya masanduku, ikateremshwa majini mwaka 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe baada ya kuipaka mitambo grisi, Waingereza wakaja kuiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hadithi yake ikachangia hata filamu ya Hollywood, The African Queen. Haya, hongera zao. Lakini hili ziwa letu nalo lilipigana Vita Vikuu vya Kwanza, na lilivianza kwa namna ambayo mimi naipenda kuliko sinema yoyote. Lilivianza kwa kukimbia.

Winifred ilikuwa meli ya abiria na mizigo ya Reli ya Uganda, kazi yake kuzunguka bandari za ziwa kwa mwendo wa mtu mwenye kitambi. Septemba 1914 Wajerumani wakavuka mpaka, wakafika hadi Kisii. Winifred ikatumwa Karungu. Kule ikakuta tagi ya Kijerumani inaitwa Muansa, kitu kidogo tu cha kuvuta matishari, lakini kimefungwa kizinga. Winifred ikapiga hesabu, ikageuza. Baadaye iliwekewa mizinga yake, na Juni 1915 ilikuwa miongoni mwa meli zilizotoka Kisumu na askari kwenda kuvamia Bukoba, wakabomoa ngome na mnara wa simu ya upepo. Ningeweza kujenga Bukoba. Kuna milipuko, kuna moto, kuna bendera. Lakini mimi nilitaka ile kona ya Karungu, pale nahodha anapokumbuka kwamba ana familia.

Halafu watu wananiambia nacheza. Ndugu zangu, meli za ziwa hili zote za zamani zilikuwa za kuunganisha! Winifred iliundwa kule Paisley, Scotland, ikafungwa kwa bolti ili waone kama inakaa sawa, ikafunguliwa tena kipande kwa kipande, kila kipande kikapigwa alama, vikapakiwa melini hadi Mombasa, vikapanda treni hadi Kisumu, na hapo mafundi wakaanza kutafuta nambari hii iko wapi na ile imeenda wapi. William Mackinnon iliyotangulia ilipata shida zaidi, kwa sababu reli ilikuwa bado haijafika. Ilifika Desemba 1901, na meli ile ilikwisha kuingia majini mwaka 1900. Sehemu ya vipande vyake ilipanda kutoka pwani juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Miaka ilipita tangu meli iagizwe mpaka ielee. Nami nikichelewa kidogo kwa sababu bomba la moshi limeanguka nyuma ya kochi, nyumba nzima inapiga kelele.

Na wale mafundi wa Scotland walikuwa na vipande. Mimi boksi la kuunganisha la Winifred sijawahi kuliona popote. Nina picha mbili tatu za zamani, zote zimepigwa upande mmoja, ule ule, kana kwamba meli haikuwa na ubavu wa kushoto. Mafundi wa Ulaya ninaowatazama kwenye simu nao hawanisaidii. Kila mmoja anaanza kwa kusema, "Nenda kwenye duka lako la vifaa vya mifano." Duka langu! Kombewa tuna duka la vifaa vya ujenzi, tuna agroveti, tuna saluni, tuna fundi wa baiskeli. Humo ndimo ilimotoka Winifred.

Mwili nimeuchonga kwa mbao laini. Mabamba ya chuma ni mkebe wa maziwa ya watoto uliokatwa kwa makasi. Mbao za sitaha ni vijiti vya aiskrimu vilivyopasuliwa. Ribiti, vile vichwa vidogo vinavyoshikanisha mabamba, ni matone ya gundi yanayotoka kwenye sindano ya kudungia ng'ombe. Hapo ndipo tatizo langu na kijana wa agroveti lilipoanzia. Nilipoinunua aliniuliza ng'ombe anaumwa nini. Nilikuwa na haraka, nikamwambia ni homa. Tangu siku hiyo nikipita barabarani anatoka nje: "Mwalimu, ng'ombe anaendeleaje?" Namwambia anaendelea vizuri. "Anakula?" Anakula. Juzi amenipa chumvi ya mifugo bure ya kumtia nguvu. Sina ng'ombe.

Kwa kamba za mlingoti nilihitaji kitu chembamba kuliko uzi, kwa sababu kamba nene kama kidole, ukiigawanya kwa mia, inabaki unywele. Basi nikaenda saluni kununua unywele. Dada wa saluni akanionyesha pakiti, rangi namba moja, namba mbili, namba thelathini na tatu. Nikamwambia ninahitaji nyuzi chache tu. Akaniuliza ninamsuka nani. Wanawake watatu waliokuwa chini ya mashine za kukaushia wakazizima ili wasikie jibu vizuri. Nililipa pakiti nzima, nikatoka, na habari ilinitangulia nyumbani.

Hayo yote ni useremala tu. Kazi yenyewe ni maji.

Unachukua plaiwudi. Unatandaza tishu ya chooni, safu moja moja, kila safu unailowesha kwa gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa, kisha unaigonga kwa ncha ya brashi ngumu mpaka ijikunje. Mikunjo hiyo ndiyo mawimbi. Ikikauka inalia ko-ko-ko ukiigusa kwa kucha. Unapaka rangi, unafuata na vanishi ya kung'aa, mkono juu ya mkono, na kila mkono ukauke kwanza, maana ukiharakisha inageuka maziwa na utaanza upya. Povu unalipaka mwishoni kwa brashi karibu kavu yenye rangi nyeupe, unaipitisha juu ya vilele tu. Mpaka hapo mafundi wa dunia nzima wanakubaliana. Ugomvi unaanza kwenye rangi.

Wao wanasema buluu iliyokoza, na tone la kijani. Hiyo ni Atlantiki. Ghuba ya Winam haijawahi kuwa buluu ila kwenye ramani. Mto Nyando unamwaga udongo, mwani unaongeza kijani chake, na ukichota maji hayo kwa glasi utafikiri mtu ameoshea miguu. Sasa Karungu iko nje ya ghuba, kwenye ziwa lenyewe, na maji yake ni masafi kuliko yetu. Kwa hiyo mimi nikachanganya kijani cha majani makavu, nikatia kahawia kidogo tu, nikaongeza kijivu kwa sababu ya mawingu ya alasiri. Ilinichukua jioni nyingi. Nilipoinua kichwa, wavuvi wanne kutoka ufuoni walikuwa mlangoni.

"Hayo maji ni ya wapi?" akauliza mkubwa wao.

"Ya Karungu."

"Karungu nimevua mimi. Hayako hivyo."

"Yakoje?"

Akafikiri. "Yana upepo."

Ndivyo hukumu zinavyotolewa huku. Mwingine akasema mawimbi ni mafupi mno. Nikatoa rula. Wimbi la nusu mita, lile linalomfanya mgeni kutoka Nairobi aanze kusali ndani ya mashua, ukiligawanya kwa mia linabaki milimita tano. Mwanadamu wa kimo cha wastani anabaki milimita kumi na saba. Sasa nikiwawekea mawimbi ya vidole vitatu mnayoyataka nyinyi, nikawaambia, hapo tumeshawaua Waingereza wote kabla Mjerumani hajapiga hata risasi moja. Wakacheka, lakini hawakuridhika. Wakataka gugumaji. Nikawaambia gugumaji lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na hii ni 1914. Basi weka mbuta anaruka. Mbuta naye aliletwa kuanzia miaka ya 1950. Wakatazamana.

"Kwa hiyo walikuwa wanavua nini?"

"Ngege. Na wengine ambao siku hizi hamuwaoni."

Ngege aliwanyamazisha kabisa. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama ngege wa wakati huo walikuwa wakubwa.

Aliyenichosha zaidi ni kijana wa boda boda anayeegesha karibu na njia panda. Winifred yangu inageuka, kumbukeni, na meli ikikata kona kwa kasi huinamia nje. Uzito wake uko juu unataka kuendelea mbele, maji yanayoisukuma iingie kwenye kona yanaishika chini ubavuni, basi juu kunaenda huku na chini kunaenda kule. Nimeuinamisha mwili wa meli kidogo tu, mtu wa kawaida hataona. Yeye akaona. "Mwalimu, umeilaza vibaya. Kona ya kushoto unalala kushoto." Akanionyesha kwa mwili wake, pale pale sebuleni, mikono imeshika usukani usiokuwapo, goti likapiga meza, nusu ya moshi ikaanguka.

Nikamwuliza: ukiwa ndani ya matatu ya Bondo, dereva akate kona ya kushoto bila kupunguza mwendo, yule mama aliyekaa kushoto kwako na kuku mapajani anamwangukia nani?

"Ananiangukia mimi."

"Basi meli ni matatu. Si pikipiki."

Aliwaza sana. Nikadhani nimeshinda. Kisha akasema, "Lakini matatu huwa imebeba kupita kiasi," na akaenda kueleza njia panda yote kwamba mwalimu anajenga meli iliyozidisha abiria.

Moshi ulioanguka ilibidi niurudie, na hilo likaniletea Mama. Moshi unatengenezwa kwa pamba ya mto, ile ya nailoni. Unaichambua mpaka iwe nyepesi, unauvisha waya mwembamba unaotoka kwenye bomba, unaipulizia rangi, nyeusi penye mdomo wa bomba na kijivu kadiri unavyokwenda mbali. Picha zote za meli za kivita zina moshi mweusi. Mama akaingia kuchukua sufuria yake, akasimama.

"Nani anachoma tairi ziwani?"

Nikamweleza ni moshi wa meli. Akauliza meli hiyo inakula nini. Sasa hapo alinishika, kwa sababu meli za ziwa zama zile zilikuwa zinakula kuni, magogo yaliyokatwa na kupangwa kwenye vituo vya ufuoni. Makaa ya mawe yangetoka wapi Karungu? Mama amepika kwa kuni tangu kabla ya Uhuru, na alinipa somo hapo nimesimama. Kuni kavu zinatoa moshi mwembamba, karibu huuoni. Kuni mbichi zinatoa mweupe, mzito, unaotambaa chini. "Na mtu anayemkimbia mwenziwe," akasema, "hachagui kuni. Anatupa zote." Nikaupaka upya, mweupe uliochafuka, hudhurungi kidogo kwenye mdomo wa bomba. Sikufanya hivyo kwa kushindwa hoja. Nilifanya hivyo kwa sababu jikoni ni kwake.

Watoto nao hawanipi nafasi. Wanataka milipuko. Kizinga cha Muansa kilikuwa kidogo, risasi yake ikianguka majini inarusha maji kimo cha mtu au watu wawili, yaani hapa mezani sentimita mbili, tatu. Ninaivuta silikoni safi kwa kijiti mpaka isimame, ninaifungia nyuzi za pamba kwenye ncha, ninaigusa na nyeupe. Ukiitazama kwa karibu, macho usawa wa meza, unaona tone lililochelewa kuanguka. Watoto wanaitazama kwa kusimama, kutoka juu, na mdomo umejaa mandazi. "Baba, hiyo ni mate?"

Kuna mzee mmoja tu ambaye sina hasira naye, jaduong' anayekaa upande wa kwenda Kit Mikayi. Alikuja na fimbo yake, akaomba kiti, akaisoma meli toka omo hadi tezi bila kugusa kitu. Sitahani nimeweka watu wadogo wa vijiti vya meno, maofisa wa kofia nyeupe, nahodha juu, mmoja na darubini.

"Wanakimbia," akasema.

"Ndiyo, jaduong'. Meli yetu hapo haikuwa na mzinga wa kujibu."

"Yetu tangu lini?" Akaendelea kutazama. "Na anayetia kuni yuko wapi?"

Nikamwambia watia kuni wako chini, ndani, hawaonekani. Akasema baba yake alichukuliwa akapelekwa Kariakor kubeba mizigo ya vita hiyo, na alirudi, na hata yeye hakuonekana kwenye picha yoyote. Kisha akasema, "Toboa kimlango."

Sasa hebu niambieni, mtu unamjibuje mzee wa aina hiyo? Kutoboa kimlango kwenye meli iliyokwisha kupakwa rangi, yenye ribiti za sindano ya ng'ombe, ni kama wiki nzima ya matusi. Nilitoboa. Ubavuni, karibu na bomba. Ndani nikaweka taa ya mshumaa bandia, ile inayotetemeka kwa betri, nikaifunika karatasi ya machungwa ya peremende, nikaweka watu wawili wa milimita kumi na saba, mmoja ameinama na gogo, mwingine anajifuta uso. Inabidi upige goti na ufumbe jicho moja ndipo uwaone. Jaduong' aliporudi alipiga goti, na umri wake ule, nikahangaika kumwinua. Hakusema kitu kuhusu rangi ya maji. Nampenda sana mzee huyo.

Betri, bila shaka, iliibiwa siku ile ile na mwanangu wa mwisho kwa ajili ya rimoti ya televisheni. Na jioni hiyo stima ikapotea Kombewa nzima, kwa hiyo hakukuwa na televisheni wala tanuri.

Sasa habari zimefika shuleni. Siwezi kuitaja ni ipi, ziko kadhaa, na zote ziko karibu. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe na naibu wake, wakanywa chai, wakasifu hata mlingoti, wakasema wana maonyesho ya wazazi na wangependa kuiazima meli kwa somo la historia. Nilifurahi. Nilitoa hata mkate. Ndipo naibu akakohoa.

"Mwalimu, kuna jambo dogo. Maji."

"Maji yamefanya nini?"

"Si buluu."

Nikamwonyesha dirisha. Ukisimama sawasawa kwenye dirisha letu, kati ya mwembe na tangi la jirani, unaliona ziwa. Nikamwambia, tazama. Akatazama kwa adabu. Akasema anaelewa, yeye mwenyewe amezaliwa hapa hapa, lakini kwenye kitabu cha darasa la nne ziwa limechorwa buluu, mtihani unauliza ziwa lina rangi gani, na mzazi akiona maji ya namna hii atafikiri shule imepotosha watoto. Mwalimu mkuu akaongeza kwamba kamati imekaa. Nikauliza kamati gani. Kamati ya maji.

Asubuhi ya pili wakaja wanafunzi wawili wa kike, wamebeba kopo kati yao kwa kupokezana, na barua imekunjwa mara nne: "Mwalimu, tafadhali piga mkono mmoja tu." Lilikuwa kopo la lita nne, rangi ya mafuta, buluu inayong'aa, iliyobaki walipopaka madirisha ya madarasa. Niliwapa watoto maji ya kunywa, nikaandika kwamba nimepokea kwa shukrani, nikatia sahihi. Mlango wa choo changu ulikuwa unapiga kelele kwa kutu tangu mvua za masika. Nimeupiga mikono miwili.